Kondoo Aliyetafuta wa Kumnyoa

Kinyozi alikuwa na mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mteja akikaa tu kitini, maneno yanaanza. Mashine inanguruma, nywele zinaanguka, vicheko vinasikika mpaka barabarani.

Mkewe alikuwa dobi hotelini. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita. Walimpa jina la Chiriku, kwa sababu alikuwa haishi kusema. Akiamka anasema. Akila anasema. Hata usingizini, mdomo wake haukuwa na likizo.

Lakini yote hayo aliyasema kwa lugha ya nyumbani, lugha ya kule walikotoka. Baba alitangulia kuja mji huu kutafuta kazi. Mama na mtoto walimfuata baadaye. Shuleni watu walisema lugha nyingine, na Chiriku hakuijua.

Siku moja mama alikwenda kumchukua shuleni. Alimkuta amekaa peke yake, sketi imelowa. Alitaka kwenda chooni, lakini hakujua namna ya kuomba. Alijikaza mpaka akashindwa. Wenzake wakamcheka.

"Mama, naomba mkampimishe masikio," mwalimu wa darasa alisema. "Tangu afike hapa sijamsikia akitamka neno."

"Masikio?" Mama alishangaa. "Mwalimu, huyu nyumbani tunamwomba anyamaze!"

Kinyozi aliposikia habari hiyo, roho ilimuuma. "Niachieni mimi," alisema. "Nitamfundisha mwenyewe."

Tangu jioni ile, chakula kikageuka mtihani. Baba alinyoosha kijiko huku na huku.

"Hii ni nini? Na ile? Sema! Siyo hivyo, rudia!"

Maneno yaliyoingia jioni, asubuhi yalikuwa yameshatoka. Baba naye akazidi kukaza kamba.

"Mtoto mzima unashindwa kusema 'mlango'?" alifoka siku moja.

Chiriku aliinamisha kichwa. Machozi yakadondoka kwenye sahani. Baada ya hapo alinyamaza kabisa, hata kwa lugha ya nyumbani. Ukimuuliza jambo, anatikisa kichwa tu. Nyumba ikawa kimya kama maji ya mtungini.

"Baba Chiriku," mkewe alimwambia, "ulitaka kumwongezea lugha. Sasa umempunguzia hata ile aliyokuwa nayo."

Kinyozi alikiweka kijiko chini.

Jumamosi iliyofuata alikuja jirani yao kunyolewa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa chekechea, aliyependa nywele fupi. Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Mama na Chiriku walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja.

"Leo mbona kimya? Umefiwa?" Shangazi aliuliza.

"Afadhali ningejua nifanye nini," Kinyozi alijibu. Akamweleza yote, tangu sketi mpaka kijiko.

Shangazi alisikiliza. Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe, lugha hii uliisomea wapi?"

"Sikuisomea popote. Niliiokota hapahapa."

"Nani alikuonyesha kijiko?"

Kinyozi alicheka bila kupenda. "Hakuna. Wateja walikuwa wakipiga soga tu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefukuzwa na bata bukini. Alivyosimulia! Anakimbia, anainama, anapiga mikono kama mabawa. Maneno sikuyaelewa yote, lakini yule bata nilimwona. Akirudi tena, tunamwomba aisimulie upya. Kila mara naelewa zaidi."

"Basi jibu unalo," Shangazi alisema. "Wewe ulilishwa hadithi. Mwanao unamlisha maneno makavu. Hayashuki! Hebu nipe taulo."

Alijifunika taulo kichwani mpaka machoni. Akasimama, akaanza kupapasa hewa. Akasema polepole, kwa lugha ya shule:

"Kondoo ana manyoya mengi. Haoni! Anagonga ukuta: pu!" Akajigonga ukutani. "Akaenda kwa kuku. 'Kuku, kuku, ninyoe!' Kuku akasema, 'Siwezi! Sina mikono!'" Hapo akaficha mikono yake mgongoni.

Kondoo akaenda kwa ng'ombe. "'Siwezi! Sina mikono!'" Akaenda kwa samaki, bado maneno ni yaleyale. Chiriku aliinua macho. Kondoo alipofika kwa nyoka, Shangazi alificha mikono, akanyamaza, akangoja.

"Sina... kikono," ikasikika sauti ndogo kutoka kwenye benchi.

Kinyozi alifungua mdomo amsahihishe. Shangazi alimkanyaga mguu.

"Ndiyo!" alisema. "Sina mikono!" Akaendelea mpaka kondoo alipompata kinyozi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Chiriku alicheka.

"Usimkatize akikosea," Shangazi alimwambia Kinyozi baadaye. "Lirudie neno kwa usahihi ndani ya hadithi, atalisikia mwenyewe. Chagua hadithi fupi, yenye maneno yanayojirudia. Onyesha kwa mikono na uso. Isimulie ileile tena na tena. Sisi wakubwa tunachoka, mtoto hachoki. Wala usimlazimishe kusema. Masikio hutangulia, ulimi hufuata."

"Na lugha yetu?" mama aliuliza kwa wasiwasi. "Tuiache?"

"Msithubutu! Wewe mwanzie kwa lugha ya nyumbani. Akishaijua hadithi, maneno mapya yatapata pa kukaa."

Wakafanya hivyo. Mama alisimulia kwanza, Chiriku akiwa amejilaza mapajani pake. Kisha baba alitambaa sakafuni na taulo kichwani, akijigonga kwenye miguu ya meza. Zipo jioni alizojisahau, akauliza, "Hii ni nini?" Mkewe alikohoa kidogo, naye akarudi kuwa kondoo.

Mwanzoni Chiriku alisikiliza tu. Kinyozi alitamani kuona matunda upesi, lakini akajizuia. Taratibu mtoto akaanza kumalizia sentensi. Lugha ya nyumbani nayo ikarudi na kelele zake zote. Halafu jioni moja alimpokonya baba yake taulo.

"Mimi kondoo!" alisema kwa lugha ya shule. "Kuku nasema, 'Siwezi! Mimi iko usingizi!'"

Usingizi haukuwamo kwenye hadithi. Aliutunga mwenyewe. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini.

Walipomaliza hadithi ya kondoo, wakaingia nyingine, na nyingine tena. Mwalimu wa darasa hakutaja masikio tena. Sasa alilalamika kwamba Chiriku anaongea wakati wa hesabu.

Alasiri moja zogo likazuka nje ya kibanda cha kinyozi. Chiriku na mtoto wa jirani walikuwa wanagombania kamba ya kuruka. Walikuwa wanagombana kwa lugha ya shule.

"Wewe naruka mingi! Mimi moja tu! Hiyo si haki!"

"Uliikanyaga!"

"Sikukanyaga! Kamba ndiyo imenikanyaga!"

Mle kibandani, mama aliacha kukunja taulo. "Baba Chiriku, nenda ukawaamue, watapigana!"

Kinyozi alizima mashine. Mteja wake, nusu ya kichwa bado na nywele, naye alitega sikio.

"Ngoja kwanza," Kinyozi alisema, akitabasamu. "Mwache ajitetee."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa ameishiwa hoja. "Haya, ruka basi," alisema.

Kamba ikaanza kupiga chini.