Kengele ya Dripu

Wanjira hutengeneza mashine za hospitali mjini Embu. Anaishi mtaa wa Dallas na mumewe Nyamu, ambaye ni mwalimu. Jumamosi moja Wanjira alimwita mumewe kwa sauti, kwa jina la mtoto wao.

"Baba Mwenda, njoo uone!"

Alikuwa ametundika chupa ya dripu kwenye kifaa kidogo alichokiunda. Maji yalipokaribia kuisha, kifaa kililia: pii! pii! pii!

Nyamu aliruka kwa furaha. Alimkumbuka mama mkwe wake, Nelius, alipolazwa. Muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa thelathini. Dripu ya Nelius ikaisha, damu ikaanza kupanda kwenye mrija. Tangu siku hiyo Wanjira hakutulia.

"Kesho kipeleke wodini!" alisema Nyamu.

Jirani yao Winfred alisikia kelele, akaingia. Yeye ni muuguzi, na hufundisha chuo kikuu.

"Wanjira, hii ni kazi safi! Lakini usikitumie kwa mgonjwa bado."

"Kwa nini? Si kinalia?"

"Kinalia hapa mezani. Na kisipolia mara moja tu? Muuguzi amekiamini, hatakuja kuangalia."

Wanjira aliiondoa chupa kwenye kifaa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Sasa nikitupe?"

"Hapana! Rudi chuo, usomee shahada ya pili ya utafiti wa vifaa vya matibabu. Utafundishwa kupima kifaa, na kuomba kibali kabla ya kumkaribia mgonjwa."

"Lakini mimi si daktari."

"Una digrii ya uhandisi. Huko madaktari, wauguzi na wahandisi husoma pamoja."

"Na watoto?"

"Nitawapikia," alisema Nyamu. "Watakula githeri, mahindi na maharagwe kila siku, mpaka wakuombe urudi."

Wote walicheka. Wanjira aliomba nafasi, akaipata.

Kwanza walimu walimtuma wodini akae, atazame, aulize. Muuguzi Kithaka alimwambia, "Kelele hii itaamsha kila mtu. Niwekee taa mlangoni." Wanjira akaweka taa, akapunguza sauti.

Kisha akapima kifaa kwa chupa za maji, mara mia tano. Mara tatu hakikulia. Siku hiyo Wanjira alitokwa na machozi. Halafu akatafuta kosa. Waya mmoja ulikuwa ukilegea! Akaubadilisha, akaanza kuhesabu tena kutoka moja. Safari hii hakikukosa hata mara moja.

Mwaka wa pili, kamati ya maadili ya utafiti ilimpa kibali. Wagonjwa walielezwa kila kitu. Waliokubali walitia sahihi. Wauguzi nao waliendelea kuangalia dripu kama kawaida.

Siku ya jaribio Wanjira alisimama wodini. Taa ikawaka. Kithaka akaja haraka, akabadilisha chupa kabla haijaisha. Mgonjwa, mzee kutoka Runyenjes, alikuwa anakoroma.

Wanjira alikimbia nje, akampigia mumewe simu.

"Imewaka! Baba Mwenda, taa imewaka, na mzee hata hajaamka!"

Nyamu alikuwa darasani. Alipiga kelele ya furaha, chaki ikamponyoka mkononi. Wanafunzi wake wakapiga makofi, ingawa hawakujua ni kwa nini.