Sauti ya Fundi

Waliosikia kwanza ni wenzake. Yeye mwenyewe hakusikia kitu.

Ilikuwa alasiri. Fundi cherehani alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akiwasomea wenzake zoezi lake katika warsha ya mtandaoni ya kuandika hadithi za kutisha. Alipomaliza, mwalimu akauliza:

"Fundi, huyo anayesoma pamoja nawe ni nani?"

"Niko peke yangu, Mwalimu."

"Kuna sauti nyingine. Inakufuata nyuma kidogo, kama mtoto anayefundishwa kusoma."

Mmoja akacheka, akasema ni mtandao tu huo. Wakaendelea na somo.

Hadithi ile aliiandika kwa ajili ya mama mkwe wake. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa njiani, na katika nyumba yao ya ghorofani walibaki wanawake wawili: yeye na mama mkwe, aliyepoteza macho uzeeni. Bibi yule alipenda hadithi za majini kuliko chakula. "Nitishe, mwanangu," alikuwa akimwambia, huku amekunja miguu kitandani kama msichana. Alipoishiwa hadithi za kusimulia, Fundi akajiunga na warsha ajifunze kutunga zake.

Mwalimu aliwaambia kuwa jini asiye na anachokitaka ni moshi tu. Mpeni haja, naye ataishi. Basi Fundi akamtunga jini asiye na sauti, anayekaa kwenye nyumba za watu akisikiliza, na haja yake moja tu: apate sauti ya kumwita mtu, na mtu yule aitike.

Kesho yake baada ya somo lile, Fundi alirudi kutoka kupeleka gauni kwa mteja, akamkuta mama mkwe anatabasamu.

"Leo umenitisha kweli. Ila mbona ulinisogelea vile? Na mdomo wako ulinuka udongo mbichi."

Fundi alisimama mlangoni, mkoba bado begani. "Mama, mimi ndiyo kwanza naingia."

Tabasamu la bibi likafifia taratibu. "Basi," alinong'ona, "nani alikuwa amekaa hapa?"

Tangu hapo harufu ile ya udongo haikutoka. Ilikaa kwenye mapazia, ikaingia hata kwenye vitambaa vya wateja. Na sauti ya Fundi ikaanza kumkauka. Akamwandikia mwalimu, akamweleza yote bila kuficha. Jibu likaja: *Wewe ndiye uliyemwandika, basi mwandike akiondoka. Usome mbele yetu sote.*

Akaandika. Darasa lilipokutana tena, akasoma jinsi jini alivyofukuzwa chumba kwa chumba hadi nje ya mlango, na kila mstari sauti yake ilizidi kuwa nyembamba, hadi ikabaki pumzi. Aya ya mwisho hakuisoma. Mdomo wake ulikuwa wazi, hautoi kitu. Lakini aya ilisomwa yote, wazi, kwa madaha, na wenzake wakapiga makofi.

"Hongera, Fundi," alisema mwalimu kwa furaha. "Hatimaye umeipata sauti yako."

Fundi alijaribu kupiga kelele. Chumba kilikaa kimya. Ndipo akaisikia sauti yake mwenyewe ikitokea upande wa chumba cha mama mkwe, tulivu, yenye mapenzi.

"Mama, usishtuke. Kuna mwanamke kaingia humu ndani. Hasemi. Akikugusa, usikubali akushike. Njoo huku nje, kwangu."

"Nakuja, mwanangu! Usiniache!"

Fundi akatupa kiti, akakimbia, akakuta kitanda kitupu na mlango wa nje wazi, na pale juu kwenye ngazi bibi akipapasa hewa kwa mikono miwili, mguu mmoja umeshanyanyuka, na sauti ikimwita kutoka chini, hatua moja tu Mama, hatua moja, naye Fundi akamdaka kiunoni akamvuta kwa nguvu zake zote, akamshikisha uso wake, pua yake, nywele zake, amjue, amjue walau kwa mkono, lakini vidole vya bibi vilitetemeka mno visiweze kutambua kitu, na kila alivyomkumbatia ndivyo bibi alivyozidi kupiga mayowe.

"Kanishika! Mkwe wangu, kanishika!"

"Mng'ate, Mama. Jinasue."

Bibi alimng'ata. Mikono ya Fundi ikalegea kidogo tu, na bibi akaenda chini.

Fundi alishuka akamkuta kwenye zege, ameshaacha kupumua. Akampakata kichwa mapajani, akafungua mdomo kuwaita majirani, akaufunga, akaufungua tena.

Juu, ndani ya nyumba, simu yake iliita. Ikapokelewa.

"Hujambo mume wangu? Umefika wapi?" Kicheko kidogo kikashuka hadi chini, kile anachokipenda mumewe. "Mama? Mama amelala. Aa, usimsumbue."

Fundi akaanza kupanda ngazi kwa magoti na mikono, akiacha alama za damu ya bibi kwenye kila kipandio.

"Njoo tu," sauti ilikuwa inasema. "Usigonge. Nitakusikia ukipanda, nitakufungulia."