Sindano Iliyogandishwa kwa Gundi

Kila Jumamosi, kwetu Maua, mimi humsaidia baba kufunga vitita vya miraa. Vijiti vizuri hukaa nje, vibaya hufichwa ndani. Baba huuita ujanja wa soko. Mimi, Makandi, nikaupeleka ujanja huo kwenye sayansi.

Nilikuwa Gredi ya Tisa, nikijiandaa na Lenah, mwenzangu wa darasa, kwa mashindano ya sayansi mjini Meru. Mwalimu Gladwell alikuwa ametufundisha kuhusu nyutrino, chembe ndogo mno zinazotupenya mwilini bila kuhisiwa. Ziko aina tatu, na zikiwa safarini hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine. Wanasayansi wengine wanadhani namba moja tu, kwa mpangilio unaojirudia kama saa, huenda ndiyo inayopanga mchanganyiko huo wote. Basi tukaunda ubao: ukizungusha mkono mmoja, unaosimamia namba hiyo, sindano tatu za kuonyesha kiasi cha mchanganyiko zinasogea pamoja. Mbili zilifika kwenye vipimo vya kweli vya wanasayansi. Ya tatu ikakataa katakata.

Lenah alitaka tuiache hivyo na kueleza kwamba hailingani. Mimi nilitaka kombe. Nikaigandisha kwa gundi mahali ilipotakiwa kufika, kisha nikaifunika gundi kwa kadibodi.

Jaji, Daktari Mbogo, alizungusha mkono. Sindano mbili zikasogea, ya tatu ikatulia tuli. Akabandua kadibodi, gundi ikaonekana, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akauliza ni nani aliyefanya hivyo.

"Ni Lenah," nikasema.

Wakamzomea hadi akatoka nje analia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Jioni, shule nyingine zilipokwisha kuondoka, jaji alimwita Lenah kumwonya, mimi na Mwalimu Gladwell tukiwapo. Lenah akafungua daftari lake. Ndani alikuwa ameandika, siku baada ya siku, mahali sindano ya tatu ilipokosea. Jaji alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akanigeukia. Nikakiri yote.

Jaji akamwomba Lenah radhi, akampa nafasi ya kushindana peke yake mwaka ujao. Mwalimu Gladwell hakunichapa wala kunifokea.

"Sindano ilikuwa inakuambia kuna jambo hatujalijua, ukaiziba mdomo," alisema. "Ukamziba na mwenzako. Makandi, shule kumi na nane zimekwenda nyumbani zikijua Lenah ni mdanganyifu. Kwetu umesema ukweli, ni vizuri. Hao wengine utawafikiaje?"

Nilimtazama Lenah. Alikuwa ameshachukua daftari lake na kwenda kukaa kiti cha mbele ukumbini, mbali nami.