Isale Ndani ya Kadi

Hivi wewe mwenzangu, umewahi kumponya mtu kwa kukosea, halafu ukaogopa kumwambia? Basi sikiliza yaliyompata Elinipa, fundi cherehani wa mtaa wa Kwa Mrombo.

Jumamosi moja alikwenda soko la Tengeru kununua ndizi. Soko limefurika, mitumba huku, nyanya kule, harufu ya mihogo ya kukaanga imetanda. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, akateleza kwenye ganda la parachichi, magongo yakamponyoka. Elinipa akamdaka kiunoni.

"Pole, kaka! Umeumia?"

"Niliumia zamani, dada. Leo nimedakwa tu."

Elinipa akacheka. Kisha jicho la fundi likashuka chini: mguu mmoja wa suruali umekunjwa gotini na kubanwa kwa pini.

"Nani kakubana pini kama nepi ya mtoto?"

"Jeshi."

"Jeshi halijui kushona. Njoo Kwa Mrombo, uliza Eli fundi."

Jina lake Yoeli, askari aliyejeruhiwa kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi. Alikuja na suruali zake, zikapindwa zote zikaisha, na bado akawa anakuja. Simu za Yoeli nazo zikaanza.

"Umekula, mama?"

"Sijala. Nasubiri uniletee nyama choma."

"Mwanajeshi hatumwi nyama, mpenzi."

"Wa mguu mmoja hutumwa mapema, asichelewe."

Yoeli alicheka mpaka simu ikakoroma.

Mchana mmoja, wakila loshoro ya mahindi na mtindi dukani kwa Elinipa, Yoeli akafungua moyo.

"Nikuambie kilichoniinua kitandani? Nilikuwa na mchumba, Joyce, mwanakwaya wa usharika wenu. Aliposikia mguu umekatwa, naye akakata simu. Nikagoma kula, nikagoma mazoezi. Krismasi zikaletwa kadi wodini, zimetoka usharikani huko. Yangu ilikuwa na jani la isale, limefungwa fundo."

Kijiko cha Elinipa kikasimama njiani.

"Kadi haikuwa na jina, imeandikwa 'Dada yako katika Kristo' tu. Lakini nikajua ni Joyce. Kwetu Wameru, ukiletewa isale lenye fundo umeombwa msamaha, na hukatai. Nikamsamehe pale pale. Alikuwa ameshaolewa, sikumsumbua. Kulipokucha nikaomba magongo. Bila jani lile, Eli, moyo wangu usingekuwa na nafasi yako."

Ehe! Na kadi ile aliiandika Elinipa. Vijana wa usharika walipokaa kuwaandikia majeruhi wa jeshi kadi za Krismasi, utepe wa kupambia ulimwishia, akatoka akachuma jani kwenye ua wa kanisa. Jani likawa refu kuliko bahasha, akalipiga fundo lienee. Baba yake Mmeru alifariki yeye akiwa mchanga. Mama yake, mtu wa Singida, akamlea Olasiti. Kwake isale lilikuwa jani zuri la kijani, basi.

Aseme? Akisema, Yoeli atajua Joyce hakuomba lolote, na uchungu utamrudia. Asiposema, anapendwa juu ya uongo, maana kunyamaza nako ni kusema. Akaamua kuficha. Kila alipoitwa "mpenzi" alijiona mwizi. Akaacha kupokea simu. Akisikia magongo yanagonga barazani, anajificha nyuma ya pazia la kupimia nguo.

Siku moja Yoeli aliketi kwenye kiti cha wateja, akaongea na pazia.

"Najua umo humo, naona kandambili zako. Sema tu ni mguu. Sitakasirika."

Pazia likafunguka kwa nguvu.

"Mguu? Mguu gani?"

"Huu usiokuwepo."

"Si mguu, Yoeli! Ni isale!" Machozi yakamtoka. "Ni mimi niliyelitia kwenye kadi. Nilitafuta pambo tu, maana yake sikuijua. Joyce hakukuomba kitu. Na wewe uliponiambia, nikakaa kimya."

Yoeli akageuza uso, akaangalia barabara.

"Kwa hiyo nimemsamehe mtu asiyeniomba."

"Ndiyo."

"Na mama yangu nimemwambia Joyce ana utu."

"Nisamehe, tafadhali."

"Nyamaza kwanza."

Elinipa akaizungusha futi ya kupimia kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi.

"Siku ile ya kadi nilipata usingizi," Yoeli akasema taratibu. "Usingizi ule ulikuwa wa kweli. Siwezi kumnyang'anya Joyce msamaha asiojua kama anao. Lakini wewe, Eli! Kunifanya nidhani unanionea kinyaa? Hilo limeniuma kuliko msumeno wa daktari."

"Najua. Kila siku nimejua."

"Basi leo usinifiche tena. Unataka nini?"

Mafundi wa jirani walikuwa wamesimamisha cherehani zao, masikio wima. Elinipa akafuta pua kwa kipande cha kitenge.

"Nataka uje Olasiti na wazee wako, mumsalimie mama," akasema. "Nataka unioe, Yoeli."