Mfungo wa Madam Yun-hwa

Paka wa Al Warqa, mtaa wa mji wa Kiarabu kando ya jangwa, hawana adabu. Huingia ua wa mtu yeyote na kulala juu ya gari la mtu yeyote. Nyumba ya Bwana Khalfan peke yake ndiyo waliyoikwepa. Wakifika kwenye ukuta wake, hushuka barabarani, wakaizunguka, kisha wakapanda tena kwa jirani.

Mastula, mpishi wa nyumba hiyo, Mganda mzaliwa wa Masaka, aliliona hilo mapema akalinyamazia. Alinyamazia pia harufu ya manyoya yaliyolowa iliyokaa kwenye mapazia, ilhali mvua haikuwa imenyesha.

Mke wa Khalfan alikuwa Mkorea, Seo Yun-hwa. Seo ni jina la ukoo, na kwao hutangulia. Alikuwa mpole. Amri yake ilikuwa moja tu: nyama isivuke mlango mpaka mwezi mwingine uandame.

"Ukiandama, nitabaki na mwanangu," alisema, akimsuka nywele Nada, binti yake wa miaka mitatu.

Mastula alidhani ni nadhiri. Lakini Madam alizidi kukonda. Midomo ilipauka, na akipanda ngazi alishika ukuta. Khalfan alikuwa safarini Muscat. Mastula akamwendea Linus, dereva, Mkenya wa Machakos.

"Huyo hana damu, Dada Mastula," Linus alinong'ona. "Mama yangu alikuwa hivyo. Akalishwa maini wiki moja tu, akaamka akagombana na majirani wote."

"Amekataza nyama."

"Mgonjwa huulizwa? Saga na boga. Hatajua."

"Nikifukuzwa?"

"Akifa tutafukuzwa wote. Yalla, nenda."

Siku ya mwisho ya mwezi, alasiri, Mastula alisaga maini ya mbuzi pamoja na boga, akazidisha tangawizi, akampelekea Madam sebuleni. Madam alionja kijiko kimoja, akatulia. Akaonja cha pili. Kisha akaliinua bakuli kwa mikono miwili, na Mastula akasikia ulimi ukilamba ndani yake, sauti ndogo, ya haraka, isiyo ya mtu, na ile harufu ya manyoya ikashuka kutoka mapaziani ikajaa chumba chote hadi ikamkaa kooni, na ukutani nyuma ya kiti, pale jua la alasiri lilipokuwa likipiga, kivuli cha Madam kikaanza kuchanua, mkia mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka ukuta mzima ukawa giza.

"Umetia nini?" Madam aliuliza polepole. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Maini, Madam. Uongeze damu. Nisamehe."

"Kwetu tunaitwa gumiho, mbweha wa mikia tisa. Anayeacha maini hadi muda wake utimie huwa mtu. Anayeonja hurudi alikotoka." Akajifuta mdomo. "Ilibaki jioni hii tu. Nilikuwa nafunga kwa ajili yetu wawili."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Linus, aliyekuwa akiosha gari, aliapa kwamba aliyepita langoni hakuwa mwanamke, bali mbweha mweupe, mbavu nje, akielekea jangwani. Mastula alipogeuka, Nada alikuwa ameshika bakuli, kidole mdomoni. Akamnyang'anya. Jioni hiyo mwezi uliandama.

Khalfan alirudi, akatafuta kila mahali, kisha akaacha kuuliza. Mastula hakuomba ruhusa ya kuondoka. Alibaki kwa ajili ya mtoto.

Siku chache baadaye paka walirudi. Mmoja, mwekundu, alilala juu ya gari la Khalfan kama mwenye nyumba.

"Khalas," Linus alisema. "Nyumba imetakasika."

Mastula alilia kwa shukrani.

Asubuhi iliyofuata alimkuta paka yule nyuma ya mtungi wa gesi. Tumbo lilikuwa limefunguliwa kwa unadhifu, na kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa ini. Akaingia jikoni. Nada alikuwa ameketi mkekani, ametulia, akimngojea. Mastula akamwekea uji.

"Sitaki," mtoto alisema, kwa upole uleule wa mama yake. "Nimeshiba."