Nani Alizima Taa ya Kina Mama?

Alhamisi, saa moja na dakika arobaini jioni, taa ya kichochoro ilipowaka tena, watu waliona msichana amelala chini kando ya ukuta wa ukumbi wa mtaa, kola ya sare yake imelowa damu. Alikuwa Ndindi, mwanafunzi wa kidato cha nne. Mama yake, Wanza, alikuwa amewahi kabla ya wote. Alipiga magoti, akakiweka kichwa cha bintiye mapajani, na mayowe yake yakawatoa watu majumbani. Baba yake, Kimanzi, dereva wa lori, alitoka mbio kwenye duka la Faki, akamnyanyua mtoto peke yake na kumpakia kwenye gari la jirani.

Taya lilikuwa limevunjika. Simu ilikuwa imechukuliwa. Kilichouma zaidi ni kwamba Ndindi alikuwa ametoka darasa la jioni la kamati, akapita chini ya taa ya kamati.

Kamati yenyewe ilikuwa ya wadi, ya usalama, afya na elimu ya wanawake, katika mtaa ule ulio kati ya Soko la Burma na Majengo. Kwa miaka mingi kina mama walikuwa wanaporwa pale kichochoroni, na wengine walifanyiwa mabaya kuliko kuporwa. Kamati ikahangaika mwaka mzima mpaka ikapata taa. Swichi yake ilikuwa ndani ya kisanduku cha chuma nyuma ya ukumbi, chenye kufuli. Funguo zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa nao Mzee Kiilu, mwenyekiti. Wa pili Faki, mwenye duka la pembeni. Wa tatu Bi Nasima, muuguzi mstaafu anayesimamia mambo ya afya, ambaye mlango wake unatazamana na nguzo ya taa.

Kesi ilimwangukia Sajenti Aloo wa dawati la jinsia. Aloo hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata chai ya bure aliinusa kwanza.

Mwizi hakumsumbua. Ijumaa adhuhuri kijana aitwaye Ngui alikamatwa katika soko la Gikomba akitafuta mteja wa simu ya Ndindi. Alikiri kabla hajaketi vizuri.

"Nilimgonga, afande. Hiyo nimekubali. Lakini stori ya taa, zii. Si mimi."

"Nani alikuzimia?"

"Hakuna mtu! Nilikuwa napita, nikaona kumekuwa giza, nikajua leo ni leo. Manze, kama ningekuwa na mtu wa kunizimia, si ningengoja dem mwenye ako na simu ya maana?"

Aloo aliyaandika yote. Jibu lilikuwa baya kiasi kwamba haikuwa rahisi kuwa la kutungwa.

Lakini mtaa haukuamini. Ilisemwa sokoni, ikasemwa bombani, kwamba kuna mtu ndani ya kamati anayewauza wasichana kwa wahuni. Wazazi wakaanza kuwazuia mabinti nyumbani. Msimamizi wa wadi naye akatoa neno: ikiwa kufikia Jumatatu hajulikani aliyezima taa, darasa la jioni litafungwa, na wasichana wa kidato cha nne watajitafutia pa kusomea. Nyumba za chumba kimoja zenye watoto sita hazina pa kusomea, na yeye alilijua hilo.

Jumamosi saa nne asubuhi Aloo alikagua kisanduku. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Basi aliyezima alikuwa na ufunguo. Lakini jambo la pili lilimkera zaidi: taa ilirudi. Ni mhuni gani huzima taa, akaumiza mtu, kisha akarudi kuwasha ili aonekane vizuri?

Chini ya nguzo palikuwa na ubao uliochorwa miraba, umewekwa juu ya kreti mbili za soda, na vifuniko vya chupa vimetawanyika. Faki, mtu mwembamba mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, alimfuata kutoka dukani.

"Drafti hii ni ya nani?" Aloo aliuliza.

"Ya wazee wa mtaa, afande. Na mimi mmojawapo. Zamani tulichezea dukani kwangu. Taa ilipowekwa, wote wakahamia hapa. Wananunua soda moja watu wanne, wanakaa mpaka saa nne."

"Na taa ikizimika?"

"Wanarudi dukani." Faki akasita, akaona alikofikia. "Afande, usinifikirie hivyo."

"Ndivyo ninavyokufikiria. Ulikuwa wapi ilipozimika?"

"Hapa hapa, nimekalia kreti hii! Nilikuwa nacheza na Kimanzi, baba yake Ndindi, na nilikuwa namfunga. Muulize, bado ana hasira. Giza likaingia, tukabeba ubao, tukaingia dukani. Tukawasha TV, tukatazama habari za saa moja hadi tuliposikia mayowe ya Wanza."

"Ilikuwa mara ya kwanza kuzimika?"

"Wapi! Huzimika kila baada ya siku kadhaa. Kama nusu saa hivi, kisha inarudi. Tukasema ni mambo ya stima tu."

Kimanzi alikubali kila neno, isipokuwa kwamba alikuwa anafungwa. Alikuwa na mabega mapana na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mtoto wangu alipigwa nikiwa natazama habari," alisema. "Nikimjua aliyezima ile taa, sajenti, usinikaribie."

Faki akawa ameondoka kwenye orodha ya washukiwa. Akabaki Mzee Kiilu, na huyu Aloo alimtilia shaka kwa furaha kidogo. Mzee alikuwa ametaka taa iwekwe langoni kwake, akashindwa kwa kura, akanuna mwezi mzima. Alisema Alhamisi jioni alikuwa kanisani kwenye maombi. Katekista alisema hakumwona. Jumamosi hiyo hiyo saa tisa Aloo alizunguka soko la nyama la Burma, ambako mzee hakosi kuonekana, akiuliza bucha kwa bucha, na katika bucha ya nne mwenye kisu akaangua kicheko.

"Mzee Kiilu? Alhamisi alikuwa pale kwenye kona tangu saa kumi na mbili. Mbavu za mbuzi. Alitoka hapa saa mbili, funguo zake zilikuwa mezani karibu na kachumbari."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Kwaresima, na mwenyekiti alikuwa ametangaza mbele ya kamati nzima kwamba hataonja nyama mpaka Pasaka.

"Sajenti, nakusihi," Kiilu alisema alipobanwa, "mke wangu asisikie."

"Pasaka njema, mzee," Aloo alimjibu, akaenda zake.

Jumapili asubuhi alipitia hospitalini. Ndindi alikuwa macho, taya limefungwa kwa waya, haongei. Wanza alikuwa kando ya kitanda akimmiminia uji kutoka kwenye chupa. Alimimina kwa mkono wa kushoto, akamwaga nusu kwenye shuka.

"Mkono wa kulia una nini, mama Ndindi?"

"Nilichoka kumbeba mtoto siku ile."

Aloo aliendelea na swali lake la pili, ingawa kila shahidi alikuwa amemwambia kwamba aliyembeba ni baba.

"Ulifikaje kabla ya watu wote? Kwenu ni upande ule mwingine wa ukumbi."

"Nilitoka kununua nyanya."

"Kwa nani?"

"Kwa... kwa mama mboga."

Aloo aliondoka na mashaka mapya, na yalimchukiza. Kumshuku mama wa majeruhi si jambo tamu hata kwa polisi. Lakini mtaa mzima ulikuwa unaulizana nani alizima taa, hadi watoto wa chekechea, na mama wa mtoto hakuuliza hata mara moja.

Saa kumi jioni alibisha hodi kwa Bi Nasima. Mama huyo alimkaribisha vizuri, akamtilia chai ya tangawizi. Ufunguo ulikuwa umening'inia msumarini karibu na mlango.

"Kuna mtu aliuchukua Alhamisi?"

"Hakuna, mwanangu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa hapa hapa. Stima ilipotea, nikawasha mshumaa, nikakaa kungoja isha."

"Hukusikia kitu?"

Bi Nasima aliangalia ndani ya kikombe chake. "Watoto hupiga kelele hapa kila jioni."

"Nimesikia wewe ndiye uliyeunga mkono taa iwekwe hapa, mbele ya mlango wako."

"Ndiyo. Ningepinga kwa kutoa sababu gani?"

Lilikuwa jibu la ajabu kwa mtu aliyepata taa mlangoni. Aloo alimaliza chai, akashukuru, na kabla ya kwenda nyumbani akasimama kidogo kwenye kreti ya drafti. Ukikaa pale, mlango wa Bi Nasima uko usoni pako. Aingiaye unamwona, na atokaye unamwona.

Jumatatu saa nane mchana ukumbi ulijaa. Msimamizi wa wadi alikaa mbele pamoja na Kiilu, Faki na Bi Nasima. Kimanzi alisimama ukutani, amekunja mikono. Wanza alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Ngui ndiye aliyempiga Ndindi," Aloo alianza. "Hana mshirika. Alilikuta giza akalitumia. Aliyezima alikuwa na ufunguo, na alitaka giza la nusu saa tu. Sasa nijiulize, giza la nusu saa linafanya kazi gani? Linafanya moja. Linawaondoa wacheza drafti."

Minong'ono ikapita. Wazee wawili wakatazamana.

"Mzee Kiilu alikuwa mahali, nami nimepajua." Kiilu akakohoa. "Faki alikuwa chini ya taa ilipozimika. Bi Nasima, uliniambia stima ilipotea ukawasha mshumaa. Ukuta wako na wa duka la Faki ni mmoja, na waya ni mmoja. Kwa Faki watu sita walikuwa wanatazama habari kwenye TV."

Bi Nasima hakubisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nilizima mimi," alisema.

Ukumbi ukalipuka. Mtu akaita, "Msaliti!" Mwingine akasema atolewe nje. Aloo aliinua mkono mpaka wakatulia.

"Waambie kwa nini."

"Kuna wanawake hapa wamezaa mpaka daktari amewaambia basi, wakizaa tena watakufa. Waume zao hawataki kusikia. Foleni ya kliniki iko barazani, kila mama mkwe anapita. Kwa hiyo wanakuja kwangu, giza likiingia, nawachoma sindano ya kupanga uzazi. Miaka yote walipita kichochoroni, hakuna aliyewaona. Tulipojadili taa, nilijua itanifunga. Lakini ningesema nini mbele ya kamati? Kwamba mimi ninapenda giza? Nikaunga mkono. Kisha waume zao wakaleta ubao, wakaketi mlangoni kwangu." Alirudisha miwani machoni. "Nilifikiri nusu saa si kitu. Nimekosa. Mtoto yule ameumia kwa mkono wangu, na nitalijibu hilo popote mtakaponipeleka."

Kimanzi alijitoa ukutani. "Nani alikuwa kwako Alhamisi?"

"Hilo sisemi."

"Nani? Mtoto wangu alilala kwenye damu kwa sababu ya malaya wa nani?"

"Hata mkinifunga, Kimanzi, sisemi."

Aloo alikuwa analijua jina. Alilijua tangu uji ulipomwagika, na alikuwa ameamua kutolitaja. Alikuwa anafungua kinywa ili afunge kikao, kiti cha nyuma kiliposogea.

"Nilikuwa mimi," alisema Wanza.

Watu wote wakageuka nyuma.

"Nina watoto watano. Wa mwisho alitaka kuniua, ulikuwepo, Kimanzi, ulilia pale wodini. Ukarudi nyumbani ukasema bado mvulana." Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia juu ya kiwiko. "Sindano ilikuwa mkononi mwangu tuliposikia sauti nje. Mtu aliita 'mama'. Nasima alitaka kufungua. Mimi ndiye niliyemshika. Nikamwambia tutaonekana. Nikasema kila mtoto ana mama yake." Akamtazama Kimanzi. "Aliita mara mbili. Kisha akanyamaza, nami nikashukuru kwamba amenyamaza. Nasima alipokwenda kuwasha taa, nikatoka, nikaona viatu vya mwanangu."

Kimanzi alikuwa ameshika ukingo wa benchi. "Mbona hukuniambia?" alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Mimi ni mumeo. Ungenijia ukaniambia."

"Ningepitia wapi kukuambia?" Wanza alimwuliza. "Ulikuwa umekaa mlangoni."

Msimamizi wa wadi akasema darasa la jioni litaendelea. Bi Nasima aliweka ufunguo mbele ya Kiilu, akaondoka na Aloo kwenda kuandikisha taarifa kituoni. Wazee wa drafti walitoka kimya kimya. Kimanzi alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akabeba ubao na kreti zote mbili kwa safari moja, akazirudisha dukani kwa Faki bila kumsalimu mtu.

Wanza hakumngoja. Alitaka kufika hospitalini kabla umbea haujafika. Alikaa kando ya kitanda, akamweleza bintiye yote, hakuacha hata lile neno la kila mtoto na mama yake. Ndindi alisikiliza macho wazi, kwa kuwa kinywa chake hakikuweza kumjibu. Alipomaliza kusikia, akageukia ukutani.

Wanza akavuta kiti karibu zaidi, akakaa. Saa moja ilipogonga muuguzi alikuja kumwambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Akasema siondoki, na hakuondoka.