Kamba ya Kikosi Haifungi Makala

Kila Jumamosi asubuhi, kwetu mtaani Mangobo, kazi zinajulikana. Mimi, Tania, nafagia uwanja. Mdogo wangu Falonne, mwenye miaka kumi na miwili, anasukuma baiskeli ya makala, yale makaa ya kupikia, mpaka sokoni kwa mama. Halafu mimi nakimbilia mazoezi ya kikosi cha uokoaji. Bon, ngoja niwaambie ya Jumamosi ile, maana mpaka leo nikiikumbuka hasira inapanda.

Kikosi chetu kinatoa watu pale ambapo mikono mitupu haifiki: aliyeangukia kisimani, aliyekwama kwenye mawe ya mto. Siku ile nilipaswa kuteremka ukuta wa mawe juu ya mto Tshopo, mita ishirini, kwa kamba nyekundu. Kamba hiyo ilikuwa imelala kwetu wiki nzima, chini ya kitanda changu, kwa sababu niliiomba nijizoeze kufunga mafundo.

Chef wetu, mkuu wa kikosi, Papa Faustin, ana kanuni moja ambayo hana mchezo nayo. Kabla mtu hajateremka, kamba yote inapita mkononi bila glavu, kwanza kwa mtunza vifaa, halafu kwa yule atakayeteremka. Jicho halioni uzi uliokatika ndani, vidole ndivyo vinausikia. Lakini Alfani, mtunza vifaa, alikuja amechelewa, akaandika "bon", yaani iko sawa, kwenye daftari bila hata kuifungua kamba. Na mimi? Nilikuwa napiga masolo, nawahadithia wenzangu ndoa ya binamu yetu, nacheka tu. Nikajifunga.

Falonne, alipotoka sokoni, alikuwa amenifuata ili aangalie. Nilipogeuza mgongo kwenye bonde, mguu mmoja tayari uko nje, akanishika mkanda.

"Yaya, dada yangu, usishuke."

Nikamwambia aniachie, ananitia haya mbele ya watu.

"Usishuke. Hii kamba nilifungia makala."

Nikarudisha mguu. Kidogo kidogo akaeleza. Siku ya Jumatano, akijiandaa kupeleka makala mengine, kamba yake ilikatika, akachukua hii, akafunga magunia mawili. Njia nzima ilisuguana na chuma cha baiskeli, kila shimo. Jioni akaifuta vumbi, akaikunja vizuri, akaficha neno siku tatu kwa kuogopa nitamgombeza.

Papa Faustin akaipitisha kamba mkononi. Katikati vidole vyake vikasimama. Alipoikunja pale, ikalala laini kama kitambaa. Ndani nyuzi zilikuwa zimekwisha.

Nilimfokea Falonne mpaka sauti ikakauka. Alfani naye akaanza, eti mutoto huyu hana akili. Papa Faustin akamgeukia.

"Alfani, nyamaza. Mutoto alichelewa siku tatu, lakini alisema. Wewe uliandika bon. Na wewe Tania, mikono yako ilikuwa wapi?"

Hasira yote niliyommwagia mdogo wangu ikanirudia mwenyewe.

Papa Faustin akatoa kisu, akaikata kamba vipande vipande ili mtu asijaribiwe kuteremka nayo tena. Daftari akamnyang'anya Alfani palepale. Akaniambia hakuna kamba itakayolala tena nyumbani kwa mtu. Ikaletwa nyingine, Papa Faustin akaikagua kwanza kwa vidole. Safari hii niliipitisha yote mkononi, mdomo nimefunga, kisha nikateremka, nikapanda tena salama.

Wakati wa kurudi, Papa Faustin alimwita Falonne, akampa kipande kimoja kirefu.

"Hii sasa iko ya makala," akamwambia, bado amekunja uso. "Ukiharibu kitu, sema siku ileile. Utagombezwa, kufika jioni maneno yataisha. Yaya yako akianguka, kilio hakitaisha. Na sisi wakubwa, tukipewa kazi ya kuangalia, tuangalie kweli."

Falonne akakipokea kwa mikono miwili. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaanza kukipitisha kwenye vidole, pole pole, mpaka mwisho.